Mjadala: Fisi maji anarudishwa alikomalizwa. Hasara abebe nani?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Naleta mada ya mnyama ambaye wengi wetu tunamjua kwa video tu: fisi maji. Yule anayelala chali juu ya maji, mikono kaikunja kifuani kama mzee aliyeshiba. Video ziwekeni pembeni kidogo, maana nyuma yake kuna ugomvi wa kweli wa watu wazima.

Kisa kwa kifupi. Fisi maji wa baharini aliwahi kuenea Pasifiki ya kaskazini yote: kaskazini mwa Japani, Kamchatka, Alaska, akashuka hadi Baja California huko Meksiko. Inakadiriwa walikuwa kati ya 150,000 na 300,000. Mwaka 1741 meli ya Vitus Bering, nahodha aliyeitumikia dola ya Urusi, ilikwama kwenye kisiwa ambacho leo kinabeba jina lake. Bering alifia hapo. Waliobaki waliponea kwa nyama ya wanyama wa pwani, fisi maji akiwemo, kisha wakaunda mashua kwa mbao za meli iliyovunjika, na mwaka 1742 wakarudi kwao na shehena ya ngozi. Soko la China lilipoonja ngozi ile, amani ikaisha. Nchi nne, yaani Urusi, Japani, Marekani na Uingereza, zilipokaa na kusaini mkataba wa kuzuia uwindaji mwaka 1911, walikuwa wamebaki kati ya 1,000 na 2,000, vikundi vya kuhesabu kwa vidole.

Kati ya 1965 na 1972 wanyama mia kadhaa walichukuliwa Alaska na kupelekwa maeneo walikokuwa wamekwisha kabisa. Cha ajabu, sehemu ya msukumo ilikuwa majaribio ya mabomu ya nyuklia kwenye kisiwa cha Amchitka, huko huko Alaska: watu waliona ni afadhali wahamishwe kuliko walipuliwe. Kusini-mashariki mwa Alaska walipelekwa kama 400, leo wamezidi 20,000. Kisiwa cha Vancouver, Kanada, walipelekwa 89, leo ni maelfu. Waliopelekwa Oregon, jimbo la pwani ya magharibi ya Marekani, walipotea wote. Sasa kuna mpango wa kujaribu tena Oregon, na mwaka 2022 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia samaki na wanyamapori ilitoa tathmini: kibiolojia inawezekana, ila athari kwa watu wa pwani hazijachunguzwa vya kutosha.

Swali langu: arudishwe au asirudishwe? Na akirudi akala kaa wa mvuvi, hasara abebe nani?

Msimamo wangu naweka wazi. Arudishwe, bila masharti. Sisi ndio tuliomdhulumu. Dawa ya deni ni kulipa.

Nyavu Tupu

Dawa ya deni ni kulipa, sawa. Ila alipe aliyekopa.

Ngozi zile zilivaliwa na maofisa wakubwa wa China na matajiri wa Urusi. Mvuvi wa kaa wa leo hakuvaa hata kofia yake. Mimi nimelelewa na mvuvi, tuongee kwa kilo: dume la fisi maji lenye kilo 30 linakula karibu robo ya uzito wake kwa siku. Kilo saba na kitu. Kundi la mia moja ni zaidi ya kilo 700, kila siku, na hawajui msimu wa kufunga uvuvi wala saizi ndogo inayotakiwa kurudishwa majini. Mimi nikivua kaa mchanga nanyang'anywa leseni. Yeye akivua kaa mchanga anapigwa picha.

Dada Mwandamizi

"Anapigwa picha" 😂 Nyavu Tupu umeniua.

Mpiga Mbizi

Nyavu Tupu, kilo zako ziko sahihi ila hesabu umeikatia katikati. Muulize kwanza anakula nini.

Mtazame kwa karibu. Anazama, anarudi na chaza mkononi, mwingine kamficha kwapani kwenye ngozi iliyolegea kama mfuko, na pamoja nao jiwe. Analala chali, jiwe linakaa kifuani, anagonga. Ko, ko, ko. Gamba likipasuka anachokonoa nyama, kisha anajibiringisha mara moja majini, mabaki yote yanadondoka, kifua safi, anazama tena. Jiwe likimkaa vizuri halitupi, linarudi kwapani.

Njaa yote hiyo ina sababu. Nyangumi na sili wana mafuta mazito chini ya ngozi, yeye hana. Kinga yake dhidi ya baridi ni manyoya tu, na ndani ya sentimita moja ya mraba ana nywele zaidi ya 100,000, kiasi ambacho mtu anacho kichwa kizima. Manyoya hayo hayo ndiyo yaliyomponza. Kwa hiyo lazima ale mfululizo ili mwili uendelee kuchemka.

Sasa, chakula chake kikubwa kingine ni shokomzoba, wale wa miiba kama nungunungu. Mwaka 1974 watafiti wawili, James Estes na John Palmisano, walilinganisha visiwa vya Aleuti, Alaska, vyenye fisi maji na visivyo nao. Penye fisi maji, chini ya maji kulikuwa na msitu wa mwani mrefu umesimama kama miti, na samaki ndani yake. Pasipo fisi maji, sakafu ilikuwa zulia la shokomzoba, mwani umetafunwa hadi kwenye jiwe. Mnyama mmoja ndiye aliyetofautisha msitu na jangwa.

Kwa hiyo ukimwondoa fisi maji umeondoa nyumba ya samaki. Mvuvi huyo huyo unayemtetea anafaidika.

Nyavu Tupu

Mvuvi huyo huyo? Hapana mkuu, hapo ndipo mnapotuchanganya. Wewe ukisema "mvuvi" unaona mtu mmoja mwenye boti. Leseni huandikwa ya kaa, ya shokomzoba, ya chaza, ya samaki wa mapezi. Mwenye leseni ya shokomzoba akiambiwa msitu umerudi na samaki wamejaa, ni sawa na kumwambia fundi seremala kwamba duka lake limeungua lakini kwa jirani biashara ya maji ya kuzimia moto imechanganya.

Mhesabu Senti

Hapa namba zinasaidia. Mwaka 2020 jarida la Science lilichapisha utafiti kuhusu pwani ya magharibi ya kisiwa cha Vancouver, kule walikopelekwa wale 89. Waliweka kwenye mizani kila kitu. Hasara kwa uvuvi wa kaa, chaza na jamii hiyo: kama dola milioni 7 za Kanada kwa mwaka. Faida: hadi dola milioni 53 kwa mwaka. Yaani faida mara saba ya hasara.

Nilipoisoma mara ya kwanza niliona kesi imekwisha. Kisha nikaangalia zile milioni 53 zinatoka wapi. Kama milioni 42 ni utalii. Milioni 9 ni samaki wa mapezi. Milioni 2 ni kaboni inayohifadhiwa na mwani.

Kwa hiyo Nyavu Tupu ana hoja. Jumla ni nzuri sana, ila mfuko unaoingiza sio mfuko unaotoboka. Anayepata ni mwenye boti la watalii na hoteli. Anayepoteza ni mwenye mtego.

Mleta mada

Mhesabu, asante, ila hata wewe unaniunga mkono bila kujua. Faida mara saba! Walipwe fidia hizo milioni 7, zibaki 46, kila mtu alale.

Mhesabu Senti

Kwenye karatasi, ndiyo. Nani amewahi kuona ikifanyika baharini?

Kapu la Chambo

Nchi kavu inafanyika. Jamhuri ya Cheki wana sheria tangu mwaka 2000: mwenye bwawa la samaki akiliwa samaki wake na fisi maji wa mtoni, serikali inalipa. Cheki ni nchi ya mabwawa ya karpi tangu enzi za kati, kwa hiyo suala hili kwao si la mzaha. Hata hivyo lazima uthibitishe. Ushahidi wenyewe ni samaki aliyeliwa nusu akaachwa ukingoni, nyayo kwenye theluji, na vinyesi anavyoviweka makusudi juu ya mawe kama mtu anayegonga mhuri. Ukipita karibu pua inakwambia.

Jirani zao Austria, baadhi ya majimbo yamechoka na hesabu hizo yakaruhusu baadhi ya fisi maji wauawe. Mnyama yule yule, mpaka mmoja, majibu mawili.

Ila bwawa lina kingo. Ulimwaga vifaranga kadhaa, ukavuna kadhaa, tofauti inaonekana. Kaa wa bahari nani aliwahesabu kabla ya kuliwa?

Msoma Kale

Naombeni nafasi, maana habari ya fidia na fisi maji ni ya zamani kuliko serikali zote mlizozitaja.

Wanordiki, watu wa kale wa Ulaya ya kaskazini, wana kisa kilichoandikwa Iceland karne ya 13 na Snorri Sturluson. Miungu watatu walikuwa safarini, wakamkuta fisi maji kwenye maporomoko, kakaa ukingoni anakula samoni, macho kayafumba nusu kwa utamu. Mmoja wao, Loki, akaokota jiwe akamtwanga nalo kichwani. Akajisifu: jiwe moja, mawindo mawili. Jioni wakaomba kulala kwa mtu aitwaye Hreidmar, wakamwonyesha walichopata. Kumbe yule fisi maji alikuwa mwanawe, jina lake Otr, mwenye uwezo wa kujigeuza. Wakakamatwa. Dia ikatajwa: ngozi ya mwanangu ijazwe dhahabu, kisha ifunikwe kwa nje isionekane hata kidogo. Loki akaenda kumpora kibeti mmoja dhahabu yake yote hadi pete ya mwisho, kibeti akailaani. Ngozi ikajazwa, ikafunikwa. Hreidmar akainama kukagua. Akaona unywele mmoja wa sharubu umechomoza. Funika na huo, la sivyo hakuna makubaliano. Ikabidi ile pete itolewe, iwekwe juu ya sharubu.

Washairi wao walikuwa wakitaka kusema "dhahabu" wanasema "dia ya fisi maji".

Kwa Wazoroasta, wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi, ilikuwa kali zaidi. Kwenye Vendidad, kitabu chao cha sheria za usafi, fisi maji anaitwa mbwa wa maji, na kumuua ni kuleta ukame juu ya nchi. Adhabu inayotajwa ni viboko 10,000, na orodha ndefu ya malipo mengine. Sidhani kuna aliyemaliza viboko hivyo akiwa hai, ila mnaona uzito.

Ninachopenda ni majina. Wairish nao humwita mbwa wa maji. Wazungumzaji wa Kihispania wa Amerika Kusini yule jitu wa Amazoni humwita mbwa mwitu wa mtoni. Kila watu walimpa jina la mnyama wa nchi kavu waliyemzoea. Sisi tukampa la fisi. Yawezekana ndiyo maana hatumwonei huruma sana.

Nyavu Tupu

Kisa kitamu Msoma Kale, ila nina swali la kivuvi. Dia alilipwa baba wa fisi maji. Yule samoni dia yake alipewa nani?

Msoma Kale

😄 Samoni aliliwa na pande zote mbili, hana wakili.

Lakini na mimi nikukumbushe sehemu ambayo sikuimalizia. Hreidmar hakuila ile dhahabu. Mwanawe mwingine alimuua kwa ajili yake. Malipo yalikuwa kamili hadi sharubu na bado yakaharibu nyumba. Kwa hiyo wanaosema "walipwe fidia, kila mtu alale" wafikirie fedha inaingia mkononi mwa nani na kwa njia gani.

Dada Mwandamizi

Mimi naona mnazunguka. Tatizo la leo si wanaomchukia fisi maji, ni wanaompenda kijinga. Japani walikuwa na fisi maji wao wa mtoni. Katika hadithi zao za kale anajigeuza msichana mrembo, analaghai wapita njia usiku. Wakamwinda kwa ngozi, mito ikaharibiwa, wa mwisho kuonekana kwa uhakika ilikuwa 1979, na 2012 serikali ikatangaza ametoweka. Halafu nchi hiyo hiyo ikajaa migahawa ambapo unalipa, unapitisha kidole kwenye tundu, fisi maji mdogo wa Asia anakushika mkono. Wa kwao wamemaliza, wanaagiza wa wenzao.

Watoto walikuwa wakitolewa porini Thailand na Indonesia, wazazi wakiuawa kwanza, maana fisi maji hawaachi watoto hivi hivi. Mpaka Agosti 2019, Geneva, mkataba wa CITES, ule wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, ulipompandisha yeye na mwenzake mwenye manyoya laini hadi orodha ya kwanza, ile isiyoruhusu biashara ya kimataifa ya wanaotoka porini.

Ukimfuga ndani anapiga kelele kutwa nzima, anauma, ananuka, anataka maji ya kuogelea na ndugu zake. Video inaonyesha sekunde kumi na tano tu.

Mleta mada

Dada, nakubaliana na wewe kila neno, ila tusitoke nje ya mada. Kufuga na kurudisha porini ni vitu viwili.

Dada Mwandamizi

Sivyo. Kote kuna mtu anayefurahia na mtu mwingine anayelipia. Ndiyo mada yako yenyewe hiyo.

Kapu la Chambo

Kabla hatujasema binadamu na fisi maji ni maadui tu, au fisi maji ni mwanasesere tu, kuna Bangladesh. Kusini-magharibi, kuelekea misitu ya mikoko ya Sundarbans, kuna wavuvi wanaovua na fisi maji kizazi hadi kizazi. Wakubwa wawili wanafungwa kamba kwenye mti mrefu wa mwanzi, watoto wanaachwa huru kwa sababu hawaendi mbali na wazazi. Wavu unashushwa kando ya ukingo, fisi maji wanaingia kwenye majani na mizizi, samaki wanakurupuka, wanakimbilia wavuni. Mgao unatolewa pale pale kwenye boti. Wakisubiri ndani ya kizimba chao cha mianzi wanalia kama watoto wanaodai chakula.

Wanaofanya hivyo wamebaki wachache, maana samaki wamepungua mitoni na vijana hawataki kazi ya usiku. Sisemi ni suluhisho la Oregon. Nasema kuna mahali mvuvi anapoamka usiku kumlisha fisi maji kabla ya kula yeye.

Mpiga Mbizi

Amefungwa kamba, Kapu. Ubia wa kufungana kamba tuuite jina lake.

Kapu la Chambo

Na leseni ya kaa ni nini kama si kamba? Haya, tuendelee.

Mwana wa Pili

Nimesoma kimya muda mrefu. Mleta mada, kuna neno umelitumia: "sisi". Sisi tuliomdhulumu, sisi tulipe. Sisi akina nani?

Warusi walipofika visiwa vya Aleuti hawakujua kumwinda fisi maji baharini. Waliojua ni wenyeji, Waunangan, kwa mashua zao nyepesi za ngozi na mikuki ya kurusha. Ikawa wafanyabiashara wanashika wake na watoto mateka, wanaume wanatumwa baharini kulipa kwa ngozi. Vita, njaa na magonjwa vikamaliza sehemu kubwa ya watu wale sambamba na wanyama wenyewe. Ukiandika deni la 1742, andika na hilo.

Shuka kusini, kisiwa cha Vancouver. Wenyeji wa pwani ile ni Nuu-chah-nulth. Kabla ya Wazungu machifu wao walivaa majoho ya fisi maji, na bado chaza, shokomzoba na abaloni (konokono wakubwa wa baharini) walikuwa chakula cha kila siku. Viliwezekanaje vyote viwili? Waliwinda. Wazee wao wanasema, na mifupa iliyochimbwa na wanaakiolojia inaelekea upande huo huo, kwamba fisi maji hakuachwa akae karibu na vijiji na mashamba ya chaza. Alikuwepo, ila si kila mahali. Bahari ilikuwa na msitu wa mwani sehemu moja na chaza sehemu nyingine.

Wa mwisho akauawa 1929. Miaka arobaini baadaye wakaletwa wale 89, na wenyeji hawakuulizwa. Leo sheria ya Kanada inamlinda, na chakula kilichokuwa mlangoni kimepungua. Mhesabu, zile milioni 7 zako zilihesabu uvuvi wa biashara. Ndoo ya mama aliyeshuka ufukweni maji yakipwa kuokota mboga ya jioni haina bei sokoni.

Alaska ni tofauti kidogo: sheria ya Marekani ya 1972 inawaruhusu wenyeji wa pwani kuwinda fisi maji kwa matumizi yao na kazi za mikono. Kwa hiyo jambo hili linajulikana kisheria.

Kwa hiyo jibu langu: arudi. Lakini "bila masharti" ni maneno ya mtu anayetazama video.

Mpiga Mbizi

Hapo umenigusa, ila nitabisha kidogo. Abaloni wa pwani ile hawakumalizwa na fisi maji. Uvuvi wake ulifungwa 1990 kwa sababu watu walivua kupita kiasi. Na wingi ule wa shokomzoba na abaloni ambao wavuvi wa biashara waliukuta karne ya 20 haukuwa hali ya kawaida ya bahari. Ulitokana na mlaji mkuu kuuawa. Walijenga soko juu ya kiti cha marehemu, sasa marehemu karudi wanasema kakaa kwenye kiti chao.

Nyavu Tupu

Sawa, lakini aliyenipa leseni alijua kiti ni cha nani? Nilinunua leseni serikalini, nikakopa boti. Hakuna karani aliyeniambia "angalia, mwenyewe anaweza kurudi".

Halafu serikali ile ile mnayoiamini nayo ina vituko. California mwishoni mwa miaka ya themanini walichukua fisi maji 140 wakawapeleka kisiwa cha San Nicolas, na ili kututuliza wavuvi wakachora mstari baharini: kusini mwa hapa fisi maji haruhusiwi. Wengi walitoka kisiwani, baadhi wakaogelea hadi walikotolewa. Wengine wakavuka mstari, wakawa wanakamatwa na kurudishwa kaskazini. Mwaka 2012 mstari ukafutwa rasmi. Sisi tulikubali mpango kwa ajili ya mstari ule. Mstari ulikwenda, wao wakabaki.

Mhesabu Senti

Hilo la San Nicolas ndilo linalonifanya nione fidia ni ngumu. Ahadi ilikuwepo, imeandikwa, na mnyama hakuisoma.

Msoma Kale

Waswisi nao. Sheria yao ya uvuvi ya 1888 ilitaka fisi maji amalizwe, walipe watu kumuua. Mwaka 1952 wakageuka, wakamlinda. Kufikia 1989 alikuwa ametoweka kabisa, maana mito ilishajaa sumu za viwandani. Sheria ya kuua ilifanya kazi haraka, ya kulinda ilichelewa.

Pale Cheki inapofanya vizuri, nadhani, ni kwa sababu mkaguzi anakuja bwawani kwa mwenye bwawa, wanainama wote wawili juu ya kinyesi. Huwezi kulipa hadi sharubu bila kuinama.

Mleta mada

Wakuu, nayafuta yale maneno yangu ya mwanzo, "bila masharti". Mengine nimeyaacha. Fisi maji anadai, hilo sijabadilisha. Nilichokosea ni kudhani anadai peke yake. Waunangan wanadai, Nuu-chah-nulth wa kisiwa cha Vancouver wanadai, na walikuwepo kwenye foleni kabla ya wengi wetu.

Kwa hiyo kwa Oregon ningesema hivi: kabla ya boti kushusha mnyama wa kwanza, makabila ya pwani ile na wenye leseni za kaa wakae mezani wakiwa na uwezo wa kukataa eneo, sio kualikwa kusikiliza. Na iandikwe mapema ni maeneo gani mnyama akiingia atarudishwa au kuwindwa na nani.

Mpiga Mbizi

Kuwindwa sitaki kusikia, ila nakubali meza.

Mwana wa Pili

Ukikubali meza utasikia.

Nyavu Tupu

Mleta mada, mdai umemrekebisha. Mdaiwa bado umemkosea. Unasema "sisi tulipe", wakati Mhesabu kakuonyesha milioni 42 za watalii. Huyo mtalii anayekodi boti kwenda kumwona kalala chali, mbona hajatajwa kama mlipaji hata mara moja tangu asubuhi?

Mhesabu Senti

Tozo kwenye tiketi ya boti. Inaingia moja kwa moja kwenye mfuko wa wenye mitego na wa vijiji. Watalii wakiongezeka na malipo yanaongezeka. Fisi maji wakiongezeka, vyote viwili vinaongezeka.

Nyavu Tupu

Hapo ndipo naanza kusikiliza. Sasa niambie, hiyo tozo inapita ofisi ngapi kabla ya kunifikia mimi?